Tendegu la Nne

Jumatatu, 3 Agosti 2015

Dada yangu Tufaha haruhusiwi tena kuvuta ukanda. Aliyesema ni daktari wa moyo, leo asubuhi, mbele yangu na mbele ya mumewe, Munir. Kilango kimoja cha moyo hakifungi sawasawa na damu inarudi ilikotoka. Upasuaji, kwa hali aliyonayo, ni hatari kuliko maradhi yenyewe.

"Hata mara moja?" Tufaha aliuliza.

"Hata mara moja, mama."

"Hata polepole?"

Daktari alimgeukia Munir, kana kwamba swali limetoka kwake. Munir alikuwa anatazama viatu vyake.

Naieleza kazi yao hapa kwa sababu nitaihitaji kwa makala yangu ya gazetini. Wanakereza matendegu, yaani miguu ya vitanda vya kale, kwa njia ya kwanza kabisa: watu wawili na ukanda wa ngozi. Gogo la msaji hulazwa kati ya ncha mbili za chuma, ukanda ukazungushwa juu yake. Tufaha akivuta ukanda upande mmoja, gogo huzunguka kumwelekea Munir, naye hukata. Akiuvuta upande wa pili, gogo hurudi kinyume, na hapo Munir huinua patasi, maana mbao haikatiki ikizunguka hivyo. Kata, inua. Kata, inua. Walianzia Unguja, wakaendeleza hapa Dubai, katika karakana yao ya Ras Al Khor, wakiwa wamekaa mkabala na gogo katikati.

Sasa wana samadari moja mikononi, kitanda cha kale cha matendegu manne. Ni ya maonyesho ya historia ya kerezo, yaani chombo cha kukerezea, katika jumba moja la Bur Dubai, na ufunguzi ni Alhamisi, 8 Oktoba. Matendegu matatu yamekwisha. La nne bado ni gogo.

Ndani ya gari Tufaha alisema, "Limebaki moja tu."

"Khalas, Bibi Tufaha," Munir akajibu.

"Khalas ya nani hiyo? Ya daktari au yako?"

Munir akaongeza kiyoyozi, na hivyo ndivyo tulivyofika kwao, Al Muraqqabat.


Jumatano, 5 Agosti

Joto ni nyuzi arobaini na sita. Tufaha amelala mchana, jambo asilolifanya.


Ijumaa, 7 Agosti

Nimekula kwao baada ya sala. Simpendi sana shemeji yangu, na naliandika hili ili nikisoma baadaye nijue nilikuwa natazama kwa jicho gani. Tangu Jumatatu sijamsikia akimwambia mkewe neno moja la kumliwaza. Amezungumza juu ya bei ya msaji na juu ya kiyoyozi.

Nilikuwa na maswali ya makala. Nani alivumbua kerezo? Hakuna ajuaye. Ninachoweza kuthibitisha ni mchoro uliochongwa katika kaburi moja la Misri, miaka mia tatu hivi kabla ya Kristo: watu wawili, mmoja ameshika ukanda, mwingine ameshika chuma. Upinde wa kuvutwa na mtu mmoja, kamba iliyofungwa kwenye mti unaopinda na kurudi, gurudumu la kukanyaga kwa mguu, hayo yote yalikuwa ni namna za kumwondoa yule wa pili. Nilisema hivyo mezani, kama ninavyosema mambo ofisini, bila kutazama nani anasikiliza.

Niliwaonyesha mchoro kwenye simu. Tufaha alivaa miwani.

"Huyu anayevuta anaitwa nani?"

"Haikuandikwa."

"Na anayekata?"

"Wala huyo."

"Afadhali," akasema, akanirudishia simu. "Kula, Fauziya. Unakonda kwa ajili ya watu waliokufa zamani."

Munir alikuwa ameacha kula. Aliniuliza lile gurudumu la kukanyaga lilizunguka upande mmoja tu, au lilirudi?

Upande mmoja tu, nikamwambia. Halirudi.


Jumapili, 16 Agosti

Munir amejaribu mvutaji mwingine. Ni Kenneth, mlinzi wa zamu ya mchana wa magodauni yaliyo jirani na karakana, Mganda mwenye mabega kama mlango. Nilikuwepo. Tufaha pia alikuwepo, kwenye kiti karibu na feni, kwa sharti la kukaa tu.

Kenneth alivuta ukanda mara ya kwanza, gogo likatoka kwenye ncha na kumpita Munir sikioni.

"Ssebo, pole sana. Mimi nyumbani navuta ng'ombe."

"Na huyo ng'ombe yuko hai?" Tufaha akamuuliza.

"Alikufa, nyabo. Lakini si mimi."

Tufaha alicheka mpaka akashika kifua, na Munir akaweka patasi chini. Akapunga mkono kwamba ni kicheko tu.

Kenneth alijaribu tena, kwa adabu zaidi, na gogo likakaa. Lakini kila alipovuta, Munir alikuwa bado hajaweka patasi, au ameshaiinua. Walikuwa kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake. Tufaha alikuwa akitazama mikono ya Kenneth, na ya kwake mapajani ilikuwa inafumba na kufumbua.

Jioni Munir alilitupa lile gogo kwenye pipa la kuni. Aliniambia amebakiza magogo mawili ya msaji wa rangi ile ile.


Alhamisi, 20 Agosti

Munir anachelewa kurudi. Tufaha amenisimulia kwa simu walivyozungumza leo.

"Ana miaka mingapi?"

"Nani?"

"Huyo unayechelewa kwake."

"Ni kazi, Bibi Tufaha."

"Kazi gani, na mimi niko hapa?"

Alikuwa anasimulia kwa mzaha, lakini alirudia sentensi ya mwisho mara mbili.


Jumanne, 25 Agosti

Joto halijapungua. Wazee wa Kizanzibari wa Deira wanasema nyota ya Suheli ikishaonekana alfajiri, maji ya bombani yatapoa. Haijaonekana.


Jumamosi, 29 Agosti

Mke mwenza ametambulishwa leo. Maneno si yangu, ni ya Tufaha.

Munir alikuja kutuchukua mwenyewe, amevaa kanzu safi, jambo lililonitia shaka. Karakana ilikuwa imefagiwa. Katikati, pahala pa kigoda cha Tufaha, palisimama gurudumu zito la mbao, na chini yake kanyagio la cherehani alilolitoa kwa fundi nguo wa Bur Dubai. Ukikanyaga, gurudumu linazunguka, ukanda unalizungusha gogo, na gogo haliachi. Amelijenga peke yake kutokana na maelezo yangu ya mezani na picha alizotafutiwa na Isaiah, Mkenya anayesimamia maonyesho. Isaiah ameshakubali: maadamu si umeme, linaingia katika historia.

Munir alikanyaga. Lilikwenda vizuri, bila kelele. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeleta zawadi akisubiri ifunguliwe.

Tufaha alizunguka upande wa pili, akainama.

"Huu ni ukanda wangu."

"Ndio huo. Sikutaka mwingine."

Ameukata, akaushona ncha kwa ncha, ukawa duara. Tufaha aliupitishia kidole kote, polepole, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Hauna pa kushika," akasema.

"Hautaki kushikwa. Hapo ndipo utapumzika."

"Na hili halichoki?"

"Halichoki."

"Haliugui?"

Hapo Munir alielewa kwamba kuna kosa, lakini hakujua ni lipi. Alianza kueleza uzito wa gurudumu. Nilikuwa nimekuja na daftari na sikuandika kitu.

Tulipotoka, Kenneth alimfungulia Tufaha mlango wa gari. "Nyabo, sasa umestaafu. Sisi wengine tunalia."

"Nimeachwa, mwanangu," akamwambia. "Kustaafu ni kwa wenye ofisi."


Jumatano, 2 Septemba

Tufaha amekunywa chai tu. Miguu imevimba. Hajamuuliza Munir habari za kazi, na Munir hajasema.


Jumapili, 6 Septemba

Vumbi. Kutoka karakana huoni barabara.

Tendegu halitoki. Munir anafanyia majaribio mti wa bei rahisi kabla hajaugusa msaji. Kila kipande kinapokamilika kina kasoro ile ile: shanga zinazozunguka tendegu, zinazotakiwa ziwe laini, zina vituta vidogo vidogo, kama maji yaliyopigwa na upepo. Anasema gurudumu halijakaa sawa. Amelivunja na kulijenga upya. Vituta vimerudi. Amebadilisha ncha za chuma, akanoa patasi, akaweka mawe chini ya kanyagio. Vimerudi.

Isaiah alipita na kofia ya maonyesho kichwani.

"Mzee, si tuweke tu hivyo? Watu watapenda, iko rustiki."

"Iko nini?"

"Ya kizamani."

"Zamani watu hawakuwa wabovu wa kazi," Munir akamwambia. "Mwanangu, matatu yale yapange mstari, hili uliweke pembeni yao. Kisha niambie kama mtoto mdogo atashindwa kuona."

Isaiah alipanga. Akavua kofia, akaondoka.

Nilimpiga Munir video akiwa kazini, kwa ajili ya makala.


Jumatatu, 7 Septemba

Leo nataka kuandika kwa utaratibu.

Nilikwenda kwa Tufaha baada ya kazi. Munir alikuwa msikitini. Tufaha alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya mito, anachambua mchele kwenye sinia. Nilimwekea sauti ya video nikidhani atafurahi kumsikia mumewe akigombana na gurudumu. Sikumwonyesha picha. Simu ilikuwa juu ya meza, kioo kikiangalia dari.

Patasi ilisikika ikikata, ikanyamaza, ikakata, ikanyamaza. Mimi nilikuwa nimeisikia siku nzima na sikuisikia.

Mkono wa Tufaha ulisimama ndani ya mchele.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Gurudumu linakwenda?"

"Linakwenda. Halijasimama."

"Basi mbona anainua?"

Nikachukua simu, nikatazama kwa makini. Ni kweli. Gogo linazunguka upande mmoja bila kukoma, na linakatika muda wote. Lakini mkono wa Munir unaweka patasi, unakata, unainua, unangoja kidogo, unaweka tena. Pale inapotua upya ndipo kituta kinapozaliwa. Gurudumu halina kasoro, wala mti, wala chuma. Kila anapoinua, anampa mkewe nafasi ya kuurudisha ukanda.

"Ananingoja," Tufaha akasema.

Aliisikiliza mara ya tatu akiwa amefumba macho, na nikaona kidole chake kimoja kikigonga sinia, kwa mwendo ule ule, wakati wa kimya.

Nilisema nitamwambia Munir leo leo, akitoka msikitini. Muda ni mfupi na tatizo limepatikana.

"Usimwambie."

"Da Tufaha, maonyesho ni mwezi ujao."

"Usimwambie, Fauziya. Akijua, atajifunza."

Nimefanya kazi hii ya uandishi wa habari muda mrefu na nimeombwa nifiche mambo na watu wa kila aina, wakubwa na wadogo. Sijawahi kuombwa kwa sauti ile. Munir aliingia, akatoa salamu, akauliza kama tumekula. Tufaha alimwambia video imetoka vizuri.


Jumanne, 8 Septemba

Sikumwambia.


Ijumaa, 11 Septemba

Munir amekata tena. Vituta. Alikaa chini kwenye maranda, mgongo kwenye gurudumu, akaniuliza kama Tufaha amekasirika naye.

"Kwa nini unauliza?"

"Haniulizi habari za tendegu. Gurudumu nililijenga ili asife." Aliokota randa moja, akalinyoosha. "Daktari alipotoa kauli yake, mimi nilisikia hilo tu. Sikusikia jingine. Mpaka leo nikimtazama naogopa, ndiyo maana simtazami."

Hili ndilo neno refu kuliko yote aliyowahi kuniambia. Ninafuta niliyoandika tarehe 7 Agosti kuhusu kiyoyozi.

Sikumwambia habari ya mkono wake. Siri si yangu.


Jumanne, 15 Septemba

Suheli imeonekana wiki kadhaa sasa, kwa mujibu wa magazeti. Joto bado lipo. Nilimsimulia Tufaha aliyoyasema Munir kwenye maranda, yote, kama nilivyoyasikia. Aliomba maji.


Jumamosi, 19 Septemba

Tufaha amenipigia asubuhi na kusema, "Nipeleke."

Nilimuuliza, daktari je, atasema nini? Akasema daktari alikataza kuvuta, hakukataza kukaa.

Kule karakana, Kenneth na mimi tulimshusha garini, tukamweka kwenye kiti cha magurudumu. Munir alitaka kumrudisha nyumbani pale pale. Tufaha akamwambia afunge gogo la msaji, lile zuri, si la majaribio. Alifunga.

"Niweke huku," Tufaha akaniambia, akionyesha ubavuni kwa mumewe. Si mkabala, pahala pake pa siku zote. Hapo pana gurudumu.

Munir alianza kukanyaga. Patasi ikatua, ikakata, na alipotaka kuinua, Tufaha aliweka kiganja juu ya kiwiko chake na kukikandamiza chini.

"Usiinue."

"Nisiinue nini?"

"Mkono. Mimi sivuti, Munir."

Sijawahi kumsikia dada yangu akimwita mumewe kwa jina tupu; siku zote ni fundi. Munir aliacha kukanyaga. Gurudumu lilizunguka lenyewe kidogo, likasimama. Alitazama mkono wake wa kulia, kisha akatazama lile pipa la vipande vilivyoharibika, na nikaona anavipitia kimoja kimoja kwa macho. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa gogo.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu Fauziya aliponiwekea video."

"Na hukusema."

"Nilitaka uendelee kidogo." Alimpa leso yake. "Sasa basi. Kanyaga. Yalla, fundi, nisije nikalala hapa."

Alikanyaga. Kila mkono ulipotaka kuinuka, kiganja kilikuwepo. Mwanzoni kila mzunguko, kisha mara mojamoja. Maranda yalianza kutoka marefu, yasiyokatika, yakamwangukia Tufaha mapajani na hakuyapangusa. Shanga za kwanza zilitoka laini. Kenneth, aliyekuwa mlangoni, aliziita sabuni.

Adhuhuri Tufaha aliondoa kiganja na kukiweka mapajani. Munir hakuona. Mkono wake ulikwenda vile vile, chini, haukuinuka. Mimi niliona, na Tufaha aliona.

"Haya," akasema. "Nirudisheni, nimechoka."

Nusu ya tendegu imekamilika.


Jumatatu, 21 Septemba

Amelazwa. Maji yameingia mapafuni. Muuguzi anasema hali inatulia.


Alhamisi, 24 Septemba. Sikukuu

Tufaha amefariki alfajiri, wakati takbira zinaanza. Aliyetuambia ni muuguzi wa zamu. Munir alikuwa ameshika mkono wake na hakuwa amejua.


Ijumaa, 25 Septemba

Alizikwa jana kabla ya Alasiri, katika makaburi ya Al Quoz. Sikwenda kaburini, wanawake tulibaki nyumbani. Kenneth, ambaye si Mwislamu, alisimama nje ya ukuta mfupi wa makaburi mpaka mwisho, akaja kunieleza: watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, Munir alishuka kaburini mwenyewe, na aliposhika jembe watu walitaka kumpokea akakataa.

"Alifukia bila kupumzika, nyabo. Tulidhani ataanguka."


Jumapili, 27 Septemba

Tanga limekwisha. Nimegawa nguo zake. Munir ameomba kigoda alichokuwa akikalia akivuta ukanda.


Jumatano, 30 Septemba

Asubuhi hii ilikuwa na ubaridi kidogo. Nilifikiri nimpigie Tufaha nimwambie.


Jumamosi, 3 Oktoba

Nilikwenda Ras Al Khor kumwambia Munir kwamba Isaiah yuko tayari kuonyesha matendegu matatu, na watu wangeelewa. Nilimkuta anakereza. Nusu ya pili ilikuwa karibu kwisha.

Nilisimama nyuma yake. Gurudumu lilizunguka, patasi ikakaa juu ya mti na haikutoka. Hakuna kimya hata kimoja. Nilijikuta nakisubiri.

Alipomaliza alilifungua tendegu, akalipangusa, akanipa nilishike. Hakuna pahala ambapo kidole kinaweza kuhisi nusu ya kwanza imeishia wapi.

"Asubuhi nilijaribu kuinua," Munir alisema. "Makusudi. Nilitaka nione kama bado." Alitazama mkono wake. "Mkono umekataa, Fauziya. Siku moja tu ya kazi, na aliufundisha mpaka ukakataa."

Kigoda cha Tufaha amekiweka pale pale aliponiambia nimweke, ubavuni.


Jumapili, 4 Oktoba

Isaiah amekuja kuchukua maelezo ya kibao kitakachobandikwa kando ya samadari. Aliketi kwenye gogo, kalamu mkononi, kwa heshima.

"Matatu haya andika Munir na Tufaha," Munir akamwambia. "Anzia na yeye."

"Sawa, mzee. Na la nne?"

"La nne andika Tufaha."

Isaiah alinitazama mimi. "Mzee, sorry. Si la nne ndilo ambalo hakuvuta?"

"Ndilo."

Isaiah aliniuliza kwa macho kama ni sahihi, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa habari. Nilimwambia aandike.

Makala yangu ina maneno elfu moja na mia mbili na hayo hayamo. Nimeeleza ukanda, upinde, kamba ya mti na gurudumu, na nimesema kwamba kwa gurudumu mtu mmoja aliweza kufanya kazi ya wawili. Kila sentensi inathibitika.

Gari la jumba la maonyesho litakuja Ras Al Khor keshokutwa, Jumanne tarehe 6, saa tatu asubuhi. Munir amesema matendegu yote manne yatakuwa yamefungwa, na kwamba kigoda kinabaki.